Mashine Imelia, Pita: Ukaguzi wa Milangoni Unalinda Nini Hasa?

Katika majengo mengi ya ofisi mjini Unguja, na siku hizi hata Chake Chake, mlangoni pana fremu ya kupita inayolia ikinasa vitu vya madini, meza yenye trei ya plastiki, daftari la wageni na askari mmoja au wawili. Mgeni anaweka simu na funguo kwenye trei, anapita, fremu inalia, askari anamtazama usoni kisha anamwambia, "Pita tu, bwana." Anayemfuata naye fremu inamlilia, naye anapita. Ukikaa kwenye viti vya kusubiria utaona inavyowalilia karibu wote, na hasimamishwi yeyote.

Wengi tunaliona jambo hili na kunyamaza, kwa kuwa tuna haraka ya kupeleka fomu dirishani, au kwa kuwa tunaamini wakubwa wanajua wanachokifanya. Mimi naona ni jambo la kuulizwa. Vifaa hivi vinanunuliwa kwa fedha, na katika ofisi za serikali fedha hizo ni zetu. Watu wanapanga foleni kwa ajili yake, wazee wanavuliwa mikanda mbele ya watoto wao, na mwisho wa yote tunaaminishwa kwamba jengo liko salama. Imani hiyo ikiwa haina msingi, inatudhuru kuliko kutokuwa na fremu kabisa, maana penye mlango mtupu watu huwa macho.

Fujo nyingi zinaanzia kwenye kutoielewa mashine yenyewe. Ndani ya nguzo zake mbili mna koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Upande mmoja hupitishwa umeme unaobadilika-badilika, ukatengeneza uga wa sumaku, yaani eneo lenye nguvu ya sumaku. Chuma, shaba, aluminiamu au madini yoyote yanayopitisha umeme yakiingia katikati, uga ule huzusha mkondo mdogo wa umeme ndani ya kitu hicho, na mkondo huo nao hutoa uga wake wenyewe. Koili za upande wa pili huunasa, na mashine hulia. Haijui kama kilichopita ni bastola, kijiko, ufunguo wa nyumba ya Kwamtipura au vifungo vya suruali ya jinzi. Inajua tu kwamba pana kitu kinachopitisha umeme na kinatoa mwitikio wa kiasi fulani. Zile nzuri huonyesha kwa taa kama kiko usawa wa kifua au wa mguu.

Ukali wa mashine hupangwa na binaadamu, na hapo ndipo penye mtihani. Ni sawa na mvuvi anayechagua matundu ya nyavu: yakiwa madogo atavua mpaka asivyovitaka, yakiwa makubwa wapo samaki watakaompita. Fremu ikipangwa inase kisu kidogo, italia pia kwa saa, mkanda, sarafu na pini za mtandio. Ikipangwa ikae kimya kwa mikanda, kisu kidogo nacho kitapita kimya. Hakuna mpangilio wa tatu unaomaliza tatizo hili, na muuzaji anayeahidi kwamba upo anadanganya.

Chukua hesabu ya mfano. Tuseme jengo linaingia watu 1,000 kwa siku, kwa siku 250 za kazi. Hao ni watu 250,000 kwa mwaka. Tuseme kati yao mmoja tu amebeba silaha kwa nia mbaya. Sasa tuipe mashine sifa kubwa kuliko iliyonayo: imlilie bure mtu mmoja tu katika kila 100. Bado italia bure mara 2,500 kwa mwaka, yaani mara 10 kila siku ya kazi, kabla na baada ya kumnasa huyo mmoja. Na kwenye mlango halisi, ambapo watu wanapita na funguo na mikanda yao, kulia kwake hakuhesabiki. Askari anayesimama pale anajifunza kwa uzoefu, na uzoefu wake haumdanganyi: kila aliyeliliwa mpaka leo hakuwa na kitu. Anaposema "pita tu" tusimwite mvivu. Mashine ndiyo iliyomfundisha asiiamini.

Kwa hiyo fremu ina maana pale tu ambapo kila mlio unafuatiliwa mpaka chanzo chake kijulikane. Mtu arudi nyuma, atoe alichonacho, apite tena, na ikilia bado apitishiwe kile kifaa cha mkononi cha kutafutia madini mwilini. Kazi hiyo inataka watu wa kutosha na muda wa kutosha. Jengo lisiloweza kuvitoa viwili hivyo ni afadhali likubali kwamba haliwezi, likafikiria ulinzi wa namna nyengine.

Kuna pia vitu ambavyo fremu haivioni hata ikipangwa vipi, yaani kila kisicho madini, na hapa kwetu jambo hili lina historia inayouma. Silaha iliyotutia hofu kubwa katika miaka ya 2012 na 2013 ilikuwa tindikali. Novemba 2012 alimwagiwa shekhe wa Ofisi ya Mufti. Agosti 2013 walimwagiwa wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea, wakiwa katika mitaa ya Mji Mkongwe. Septemba mwaka huo huo alimwagiwa padri wa Kikatoliki. Hakuna fremu ambayo ingelia kwa tindikali, na wote hao walikuwa nje, katika nyendo zao za kila siku. Aliyetaka kuwalinda angeanzia mbali kabisa na milango ya ofisi: dukani inakouzwa tindikali, nani anainunua, kiasi gani, na kwa kazi ipi. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha hatari ya kununua kifaa kabla ya kuitaja hatari yenyewe.

Suala la umeme nalo halikwepeki. Unguja inapata umeme wake kupitia waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na waliokuwapo wanakumbuka ile miezi mitatu ya giza iliyoanza Desemba 2009. Leo hatuhitaji miezi mitatu. Saa moja inatosha. Umeme ukikatika na fremu ikiwa haina betri ya akiba, nguzo zinabaki zimesimama, watu wanaendelea kupita katikati yake, askari yuko pale pale, na hakuna kilichobadilika isipokuwa kwamba hakuna kinachokaguliwa. Uliza katika jengo unaloingia mara kwa mara utaratibu wao ni upi umeme ukikatika. Palipo na jibu lililoandikwa, pana mtu aliyefikiri.

Mashine ya eksirei ya mizigo, kama tunayoiona bandarini Malindi na katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume, ni ya aina nyengine kabisa, na ugumu wake uko kwenye jicho la anayeitazama. Mionzi hupita kwenye mkoba kwa nguvu mbili tofauti, kompyuta ikalinganisha jinsi kila kitu kilivyoizuia, kisha ikapaka rangi. Chungwa ni vitu vyepesi vya asili ya mimea, wanyama na mafuta: chakula, nguo, karatasi, plastiki. Buluu ni madini. Kijani ni vya katikati. Baruti nyingi nazo huingia kwenye chungwa. Sasa fikiria mizigo ya abiria wa kwetu: halua, embe, samaki mkavu, pakiti za viungo, karafuu, nguo za harusi. Boksi zima ni chungwa juu ya chungwa, na aliyekaa kwenye skrini ana sekunde chache kabla mkanda haujaleta jengine.

Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani, Jeremy Wolfe, na wenzake walichapisha jaribio linalostahili kujulikana na kila anayesimamia walinzi. Waliwapa watu picha zilizojaa vitu vilivyopandana, wakawaambia watafute zana ndani yake. Zana ilipokuwamo katika nusu ya picha, watu waliikosa mara 7 tu kati ya 100. Ilipokuwamo katika picha 1 kati ya 100, waliikosa mara 30 kati ya 100. Macho yalikuwa ya namna ile ile, na zana zile zile. Kilichobadilika ni kwamba kitu kinachotafutwa kimekuwa adimu, na akili ya binaadamu huchoka haraka kutafuta kisichoonekana. Kwenye mkanda wa mizigo, silaha halisi ni adimu kuliko hata 1 kati ya 100.

Ndiyo maana kanuni za viwanja vya ndege vya Ulaya zinataka mkaguzi asitazame skrini kwa zaidi ya dakika 20 mfululizo, kisha akae mbali na picha kwa dakika 10 au zaidi. Ndiyo maana pia ziko mashine zinazochomeka picha ya silaha ya uongo kwenye mkoba wa kweli, ili mkaguzi awe anapata cha kukamata na jicho lake lisilale. Linganisha na mlinzi wa kwetu anayekaa zamu ya saa 12 peke yake, anajibu maswali ya wageni, anafungua geti na kupokea simu ya bosi, huku skrini ikiwa pembeni yake. Kumlaumu huyo akikosa kitu ni dhulma. Na hata penye fedha na mafunzo mambo si mepesi. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wakaguzi wa siri wa Serikali ya Marekani walijaribu mara 70 kupitisha silaha na mabomu ya kuigiza katika viwanja vya ndege vya nchi yao, na mara 67 wakafanikiwa.

Mpaka hapa nimezungumzia mashine. Mianya mikubwa zaidi, kwa maoni yangu, haina uhusiano na mashine, na ndiyo inayonikera hasa.

Mlango wa mbele una fremu, lakini geti la gari lina askari mwenye kioo cha kutazamia chini ya gari, na kioo hicho hutembezwa kwa gari ya mwananchi. Gari ya mkubwa hufunguliwa geti ikiwa bado iko mbali. Wafanyakazi huingia kwa mlango wa pembeni kwa sababu wanajulikana. Mama ntilie huingia na masufuria yake na kisu cha kukatia nyama, fundi huingia na boksi la misumari na nyundo, na mkahawa wa ndani una visu kwenye droo. Hayo yote yanaeleweka, kwani jengo ni mahali pa kufanyia kazi. Lakini kama watu hao wote wanaaminiwa kwa kujulikana tu, basi ukaguzi wa mlango wa mbele umemwangukia yule asiyejulikana peke yake, yaani mzee aliyetoka Micheweni au Makunduchi kufuatilia kiinua mgongo chake. Huyo ndiye anayeambiwa avue mkanda. Huyo ndiye anayerudishwa akiwa amesahau kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi nyumbani, baada ya kupanda gari alfajiri. Mheshimiwa akipita, mashine italia na askari atapiga saluti.

Sisemi haya kwa husuda. Wanaofanya kazi ya ulinzi duniani kote wanajua kwamba mtu wa ndani, au mtu aliyejifanya wa ndani, ni hatari ya kufikiriwa kabla ya mgeni. Utaratibu unaoondoa heshima kwa mdogo na kuondoa ukaguzi kwa mkubwa umekosea mara mbili, na kosa la pili ni la kiusalama.

Kuna na suala la wanawake. Katika nchi ya Kiislamu kama hii yetu, mwanamke hawezi kupapaswa na askari mwanamme, na hilo ni haki yake isiyojadiliwa. Lakini ukienda milango mingi utakuta askari wote ni wanaume. Matokeo yake ni mawili, yote mabaya. Ama mwanamke anapitishwa bila ya kukaguliwa, na hapo nusu ya wanaoingia wako nje ya ulinzi. Ama askari anafanya la kufanya kwa maneno na macho, mama wa watu anasimama mbele ya foleni amefedheheka, hajui aweke mkoba wapi na mtandio ashike vipi. Kinachotakiwa ni askari mwanamke mmoja kwa kila zamu na pazia la kitambaa pembeni ya meza. Bei ya hivyo viwili hailingani na bei ya fremu, na vingepaswa kununuliwa kabla yake.

Daftari la wageni nalipita haraka. Unaandika jina, namba ya simu, unakotoka, unayemfuata na saa ya kuingia. Hakuna anayelinganisha jina hilo na kitambulisho, kwa hiyo mwenye nia mbaya ataandika apendavyo. Mkweli ndiye anayeacha namba yake ya kweli, na inabaki wazi mbele ya kila anayemfuata kwenye foleni. Binti aliyekuja kuomba kazi hakupaswa kutangaza namba yake kwa mji mzima ili aingie ofisini. Saa ya kutoka, ambayo moto ukizuka ndiyo ingetwambia nani bado yuko ndani, mara nyingi haijazwi.

Moto ndio unaonipeleka kwenye jambo zito kuliko yote. Ili watu wote wapite kwenye fremu moja, milango mengine hufungwa. Nimeona milango ya dharura iliyotiwa kufuli na minyororo kwa jina la usalama, na ufunguo uko kwa mtu ambaye siku hiyo hayupo. Uwezekano wa jengo la ofisi hapa Zanzibar kushika moto kwa hitilafu ya umeme ni mkubwa mara nyingi kuliko kuvamiwa na mwenye bunduki, na mlango uliofungwa dhidi ya hatari ya mbali unaua katika hatari ya karibu. Hapa sioni pa kuvutana: mlango wa dharura ufunguke kwa ndani bila ya ufunguo, uwekewe kengele inayolia ukifunguliwa, na hapo utakuwa umelinda pande zote mbili.

Tunao msiba wa kutufundisha kuitazama hatari ilipo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander iliondoka Unguja kwenda Pemba, ikazama katika mkondo wa Nungwi. Tume ya Serikali ilieleza kwamba melini walikuwamo zaidi ya watu 2,400, wakati uwezo wake ulikuwa mamia tu, na kwamba waliopotea na kufariki walizidi 1,500. Kilichowaua hakikuwa ndani ya mkoba wa mtu. Ilikuwa ni idadi ya watu na mizigo, kitu ambacho mtu mwenye kalamu angeweza kukihesabu gatini, akiwa na amri ya kusema meli haiondoki. Kila ninapoona mkoba wa bibi kizee unapitishwa kwenye eksirei naikumbuka hesabu ile, na naamini kuhesabu abiria ni ukaguzi wa usalama mkubwa kuliko wowote unaofanywa bandarini.

Foleni yenyewe nayo ina hatari yake. Tarehe 22 Machi 2016 washambuliaji wa Brussels, Ubelgiji, walilipua mabomu kwenye ukumbi wa kuondokea wa uwanja wa ndege, kabla ya sehemu ya ukaguzi, pale watu walipojazana. Kusogeza ukaguzi hadi mlango wa nje kunausogeza msongamano tu, hakuuondoi. Kinachookoa maisha katika shambulio la aina hiyo ni nafasi. Tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lililokwenda ubalozi wa Marekani Dar es Salaam halikuweza kuingia ndani ya geti. Boza la maji lilikuwa limeziba njia. Bomu likalipuka nje ya ukuta, wakafa watu 11. Nairobi, siku hiyo hiyo, jengo lilikuwa katikati ya mji, lori likafika nyuma yake karibu kabisa, wakafa 213. Sababu za tofauti hiyo ni zaidi ya moja, lakini umbali ulikuwa na kazi kubwa, na umbali hupangwa na mchora ramani wa jengo miaka kabla ya askari kuajiriwa. Ofisi zetu zinazohamia Tunguu na Mazizini, ambako ardhi bado ipo, zinaweza kupangwa hivyo. Majumba ya Mji Mkongwe hayawezi, na ni bora kuondoa humo shughuli zinazovuta hatari kuliko kuongeza fremu kwenye milango ya mbao ya kale.

Wanaonunua vifaa wanahitaji tahadhari ya peke yake. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraq na nchi nyengine kifaa cha mkononi chenye antena, akidai kinanusa mabomu. Hakikuwa na chochote ndani kinachofanya kazi. Asili yake ilikuwa kifaa cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu. Askari wa Baghdad walikitumia kwenye vizuizi vya barabarani huku magari yenye mabomu yakipita. Mwaka 2013 McCormick alihukumiwa miaka 10 jela. Kilichokosekana kabla ya kununua ni jaribio rahisi: ficha kitu katika boksi moja kati ya kumi, mwambie muuzaji akitafute.

Jaribio hilo hilo ndilo ninalolitaka kwa milango yetu. Mara moja kila miezi michache, mkuu wa ulinzi amtume mtu asiyejulikana na kitu cha kuigiza, mwengine mwanamke, mwengine katika gari nzuri, mwengine wakati umeme umekatika. Matokeo yaandikwe. Kitu kikipita, askari asifukuzwe. Iangaliwe foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, amekaa zamu saa ngapi, na nani alimwambia asimsimamishe mwenye gari. Asikilizwe pia anapotilia shaka. Katika shambulio la bomu kwenye tamasha la muziki mjini Manchester, Uingereza, Mei 2017, lililoua watu 22, mzazi mmoja alimtilia shaka mshambuliaji, akamweleza mlinzi, na hakusikilizwa inavyostahiki. Mlinzi mwengine kijana alijaribu kuliripoti kwa redio na hakupata mawasiliano. Wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi wana haki ya kuuliza, kwa kila jengo la umma lenye fremu, lilijaribiwa lini mara ya mwisho na nini kilibadilishwa baada ya hapo. Maswali hayo mawili yanaweza kujibiwa hadharani bila ya kumfunulia mhalifu siri yoyote.